Bunduki ya Darini

Fundi aliyekuwa akibadilisha boriti za nyumba moja ya Mji wa Kale, vichochoro viwili kutoka Ndia Kuu, alishuka ngazi amekumbatia kitu kilichoviringishwa kama mtoto mchanga. Nje gunia, ndani ya gunia msuli uliooza kwenye mikunjo, na ndani ya msuli bunduki. Komeo lake, kile chuma cha kuvuta na kusukuma kinachofungia risasi ndani, halikuwepo. Mbao za kitako zilikuwa nyeusi kwa mafuta ya mikono na moshi wa miaka mingi wa jikoni.

"Ndiyo hini," alisema mwenye nyumba, mwanamume wa miaka hamsini hivi. Hakuwahi kuiona, wala nduguze, lakini kila mtu ukooni aliijua. Hadithi yake walilelewa nayo: babu alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles (K.A.R.), jeshi la Mwingereza, akapigana Gazi, pwani ya kusini, katika vita vya Mjarumani vya 1914, akampokonya adui bunduki na kurudi nayo Mombasa.

Mimi ni mwalimu wa historia mstaafu. Watu huniletea picha, barua na vyeti vya wazee wao tujaribu kuvisoma pamoja. Bunduki sikuwahi kuletewa, na hii pia nilikataa kuletewa. Nilimwambia kwenye simu asiipakie kwenye tuktuk wala asiipige picha ya kutumia watu, airudishe kwenye gunia na aite polisi. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, yataka mwenye bunduki awe na cheti, na hapana cheti kilichowahi kuandikwa kwa ajili ya dari. Alinung'unika, akaita. Kwa hiyo yote ninayoyaeleza hapa tuliyatazama juu ya meza ya kituo, kwa ruhusa, ofisa mmoja akiwa ameketi pembeni na chai yake. Mwishoni alikuwa amevuta kiti karibu kuliko sisi.

Majina ya familia hii nimeyaacha kwa ombi lao.

Bunduki ya jeshi ni kama kanga: asiyejua hutazama rangi, ajuaye hutafuta jina. Jina la hii lilikuwa kwenye shingo ya chuma, upande wa kulia, pale kitako kinapokutana na mtambo. Taji. Chini yake V.R., yaani Malkia Victoria. Chini yake Enfield, kiwanda cha serikali ya Uingereza, kisha mwaka 1900, kisha L.E. na I yenye nyota. Hiyo ni Lee-Enfield ile ndefu, toleo lililoanza 1899: milimita 7.7, kasha la risasi kumi, urefu wa mita moja na robo na ushei. Victoria alifariki Januari 1901, kwa hiyo herufi na mwaka havigombani.

Basi si bunduki ya Mjarumani. Askari wengi wa Kijerumani huku Afrika Mashariki waliingia vitani 1914 na bunduki ya Mauser ya mwaka 1871, inayopakiwa risasi moja moja, nene ya milimita 11, na yenye kutoa moshi mzito unaomtangaza mpigaji kwa kila adui. Makampuni machache tu ndiyo yalikuwa na Mauser mpya ya 1898. Hakuna ambaye angeichanganya mojawapo ya hizo na hii iliyokuwa mezani.

Mjukuu hakukubali kwa wepesi, na hoja yake ilikuwa nzuri. "Mwalimu, Wajarumani nao si waliteka bunduki za Waingereza?" Waliteka. Tanga, mwanzoni mwa Novemba 1914, jeshi lililoletwa kutoka India lilishuka pwani kwa mbwembwe na kupanda tena merikebuni likikimbia, likaacha nyuma bunduki 455, bombomu, yaani bunduki za rashasha, 16 na risasi laki sita. Askari wa Kijerumani angeweza kabisa kushika Lee-Enfield. Ila vita vya Gazi vilikuwa tarehe 7 Oktoba 1914, na Tanga ni mwezi mzima baadaye. Aliyekufa Gazi hakuweza kuwa na bunduki ya Tanga. Nilimwona akihesabu kwa vidole, Oktoba, Novemba, kisha akanyamaza.

Kuhusu nambari 217

Kabla sijaitwa, familia ilikwisha kuchunguza kwa njia yake, na hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwenye ubavu wa kulia wa kitako mna kisahani cha shaba, kama sarafu iliyozamishwa kwenye mbao. Hicho ndicho jeshi lilichogongea alama ya kikosi. Chetu kilisomeka bila taabu: 3, kisha K.A.R., na chini yake 217. Keya ya tatu ilikuwa ya upande wetu, ya Kenya, kama ya nne ilivyokuwa ya Uganda na ya kwanza ya Nyasa, Malawi ya leo. Mpaka hapo sawa. Mpwa mmoja anayeishi ng'ambo alichukua ile 217, akaitafuta kwenye orodha za medali zilizohifadhiwa kwenye nyaraka za taifa za Uingereza, Kew, na akampata askari wa Keya ya tatu mwenye nambari 217. Akamlipa mtu amchapie ukurasa ule vizuri. Ukatiwa fremu. Nilipoingia sebuleni kwao mara ya kwanza uliniangalia kutoka ukutani, juu ya televisheni, na jina lililoandikwa pale lilikuwa jina la Mkamba.

"Labda babu alibadilisha jina," mjukuu aliniambia, na uso wake ulikuwa umejaa haya.

Hakubadilisha. Nambari ya kisahani si ya mtu. Ni ya bunduki kwenye safu yake ghalani, ili askari wa zamu asubuhi ajue aliyechukua ameirudisha ileile. Askari alikuwa na nambari yake mwenyewe, aliyopewa siku ya kuandikishwa. Mtu akihama kikosi au akifa, bunduki hubaki na 217 yake na hupewa mwingine. Nambari hizo mbili kulingana ni bahati tu, kama nambari ya kitanda cha hospitali kulingana na nambari ya nyumba ya mgonjwa. Nambari iliyochongwa kwenye mtutu nayo husema habari za kiwandani tu. Chuma kilikwisha kutueleza kikosi, na hakikuwa na zaidi. Jina la mtu lilibidi tulitafute kwingine.

Kidani

Lilitoka shingoni mwa shangazi. Bi Mkubwa huyu ni binti wa mwisho wa yule askari, amepita tisini, anasikia kwa sikio moja na hakosi kitu. Siku nzima nilikuwa nikimwamkia na kumwuliza habari za babake, yeye akinijibu kwa upole na bila kunipa chochote, huku kifuani pake kimelala kidani cha fedha, duara, kilicholainika kama peremende iliyomung'unywa. Nilipoomba kukishika niliona kichwa cha Mfalme George wa Tano, na nyuma yake mpanda farasi aliye uchi. Medali ya Vita ya Uingereza, milimita 36 za fedha. Wazee wengi waliuza zao kwa masonara, maana fedha ni fedha. Huyu alimpelekea sonara akamtengenezea mkewe pambo.

Medali hiyo huandikwa ukingoni: nambari ya askari, jina, kikosi. Na sonara, ili pete ya kuning'inizia ikae sawa, alipitisha tupa palepale. Kilichobaki ni tarakimu mbili za mwisho, 64, na herufi tatu za mwisho za jina la baba. Nilimlaani sonara huyo kimoyomoyo, Mungu amrehemu.

Tarakimu mbili na herufi tatu si haba. Mpwa wa ng'ambo, sasa akiwa amejifunza, alirudi kwenye orodha akitafuta kila nambari ya Keya ya tatu inayoishia 64 yenye jina la kulingana. Walibaki watatu. Mmoja alikuwa sajini.

Orodha zilitupa na jambo jingine. Aliyetumikia kwenye uwanja wa vita kabla ya mwisho wa 1915 alistahili nyota ya shaba ya 1914–15 pamoja na medali zake. Kati ya watatu hawa hapana hata mmoja aliyeandikiwa nyota. Yaani yeyote kati yao aliyekuwa babu, hakuwa Gazi na sare ya Keya mwezi wa Oktoba 1914. Hilo sikulitamka sebuleni. Nililiweka mfukoni kwanza.

Kurunzi

Ubavu wa kushoto wa kitako ulikuwa na mikwaruzo ambayo wote tuliipita. Ofisa ndiye aliyesema, "Hapa kuna mtu ameandika." Tukazima taa, tukafunga dirisha, nikailaza kurunzi juu ya meza mwanga upite ukisugua mbao. Mikwaruzo ikainuka ikawa maandishi: khati ya Kiarabu, imechongwa kwa ncha ya kisu, mkono wa mtu aliyezoea kuandika. Neno moja, kisha bin, kisha neno la pili.

Hapakuwa na nukta hata moja. Kisu hakipendi nukta. Na msomaji yeyote aliyekaa chuoni anajua maana yake: jimu, ha na kha ni umbo lilelile, zinatenganishwa na nukta tu. Neno la kwanza lilianza na umbo hilo. Juma, Hamadi na Khamisi wote huanzia hapo. Mwalimu wa madrasa niliyemwonyesha karatasi niliyoipiga nakala alisoma neno la pili bila kusita, kwa sababu herufi zake hazikuhitaji nukta, na neno hilo lilikuwa jina la baba wa yule sajini, herufi kwa herufi. La kwanza alilisoma kwa njia tatu, na moja ya njia hizo ndiyo aliyoiandika karani wa Kiingereza kwenye orodha, kwa matamshi yake ya kuumauma. Wale wawili wengine waliondoka mezani. Baba zao walikuwa na majina ambayo hayangetoka kwenye michoro ile hata kwa kulazimisha.

Kwa hiyo mtu tulimpata: sajini wa Keya ya tatu, Mswahili wa mjini hapa, mwenye kujua kuandika, aliyeishika bunduki hii muda wa kutosha kuichora jina lake, jambo ambalo lingemtia adabuni kama lingeonekana na ofisa mwenye hasira.

Lakini kurunzi ilionyesha zaidi. Mkia wa herufi ya mwisho ulishuka ukakata alama nyingine iliyogongwa kwenye mbao: D.P. Herufi hizo mbili zipo pia juu ya mtutu, na karibu nazo chemba ya risasi imetobolewa tundu ambalo kidole kidogo kinaingia. D.P. ni bunduki ya gwaride tu. Silaha iliyochakaa hutobolewa isiweze kufyatua, kisha hupewa kuruti wajifunze kuibeba, kuiweka begani na kuisalimisha.

Sasa lipi lilitangulia, alama au jina? Chuma kikigonga mbao hukandamiza; kama jina lingekuwepo kwanza, D ingeponda kingo za mchoro na kuzifunga. Hapa ni kinyume. Kisu kimepita juu ya D, kimeivunja tumbo, na kingo zake ni kali mpaka leo. Babu alichonga jina lake kwenye bunduki iliyokwisha kutobolewa. Alijua anachokichora hakipigi risasi.

Nilimtazama mjukuu. Alielewa kabla sijasema.

Jambo hili linakaa vizuri na tunayoyajua ya Keya. 1914 lilikuwa jeshi dogo, batalioni tatu na askari wapatao 2,300. Kufikia 1918 batalioni zilikuwa 22 na askari zaidi ya 30,000. Maelfu hao walitoka mashambani kutoka Nyasa mpaka ziwani, hawakuwa na lugha moja ila Kiswahili cha kuungaunga, na walihitaji kufundishwa kushoto na kulia na mtu. Sajini wa Mombasa anayejua kusoma alikuwa mali adimu. Hiyo ni hoja yangu, si maandishi ya orodha. Ila nilipomweleza Bi Mkubwa, alicheka mara ya kwanza.

"Mwanangu, sisi alitutembeza uani kwa fagio. Lef, rai, lef, rai. Ukikosea, waanza tena. Babangu kazi yake ilikuwa kufundisha."

"Na Gazi je, Bi Mkubwa?"

"Gazi wamekwenda majirani."

Nadhani ni kweli kabisa. Mwaka ule wa 1914 ofisa mmoja, Arthur Wavell, aliyepata kwenda Makka kwa kujifanya Mwislamu, aliandikisha Waarabu wa Mombasa wakapigana pwani ya kusini, na aliuawa akiwa nao Januari 1916 upande wa Mwele. Ukumbusho wake uko nje ya Ngome ya Yesu. Hadithi za vita vile zilikuwa za mtaa mzima, na mtoto wa mtaa haulizi ni ya nani. Palepale mbele ya Ngome, niseme kwa kupita, pana mizinga miwili ubavu kwa ubavu, mmoja wa Königsberg, manowari ya Mjarumani, mmoja wa Pegasus, manowari ya Mwingereza iliyozamishwa na Königsberg Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914. Wapigaji wake husikii wakitajwa. Sanamu za askari kwenye Barabara ya Jomo Kenyatta, zilizosimama tangu 1927, nazo hazina jina hata moja.

Kwa nini darini

Lilibaki swali ambalo familia haikuwa imelitia maneno. Keya akiacha kazi hurudisha bunduki. Hii ilifikaje nyumbani?

Bi Mkubwa aliwaambia wengine watoke, nikabaki mimi na mjukuu. Akasema bunduki ile ilikuwa imesimama kona ya chumba cha babake utotoni mwake wote, akipaka mbao mafuta ya nazi kila Ijumaa. Babake alisema aliinunua mnadani pamoja na kitanda cha chuma. Kisha Oktoba 1952 ikatangazwa hali ya hatari, na mwaka uliofuata kanuni zikafanya kupatikana na silaha kinyume cha sheria kuwa kosa la kunyongwa. Nani angemweleza polisi wa usiku habari za tundu kwenye chemba? Usiku mmoja mzee na wanawe wawili waliipandisha darini, yeye Bi Mkubwa akishika taa. Komeo walilitupa baharini. Waliambiana isitajwe. Na kaka zake, walipokuwa watu wazima na watoto wakauliza mbona kuna sehemu ya dari isiyoguswa, ndio waliotia Gazi na Mjarumani.

Akaishusha sauti. "Lakini mimi sikuuona huo mnada. Siku zote nimeogopa aliiba."

Sikuwa na haja ya kumpa maneno ya kumliwaza. Niliomba tuonane kituoni kesho yake. Alikuja na teksi, mjukuu akimshika mkono, na ofisa akampisha kiti chake. Nilimwonyesha mahali kwenye chuma, juu ya ile 1900, palipogongwa mishale miwili midogo inayogusana ncha. Mshale mmoja ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Hugongwa kila kitu chake. Serikali ikiuza kitu, hugonga mshale wa pili ukielekea wa kwanza. Mwizi hana muhuri huo.

Bi Mkubwa hakusema kitu. Alipitisha kidole kwenye mishale, akakigeuza kitako mwenyewe, akapapasa mchoro wa kisu mpaka akafika mwanzo wa jina. Nikamweleza kwamba mwalimu wa madrasa hakuwa na hakika kama ni ha ama kha. Alitamka jina la babake kwa sauti, lile la nyumbani, akiivuta kha kooni ili sote tusikie.

Bunduki bado iko mikononi mwa polisi wakati makaratasi yanatafuta njia. Familia ingependa ikae makumbusho. Sheria ya urithi wa taifa ya 2006 huhesabu kuwa kitu cha kale kile kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895, na hii imeikosa kwa miaka mitano, kwa hiyo italazimika kuombewa kwa hadithi yake. Nimeandika maelezo ya kuambatanishwa nayo: sajini, Keya ya tatu, bunduki ya kufundishia kuruti. Mjukuu alisoma mara mbili, akaniuliza kama nisingeweza kutia Gazi hata kwenye mabano. Nilikataa. Alicheka, nadhani alikuwa akinijaribu.

Fremu ya sebuleni ameiteremsha. Alitaka kuitupa nikamwomba. Yule Mkamba mwenye nambari 217 alikuwa askari wa kweli, alipata medali ya kweli, na huenda Machakos au Kitui kuna nyumba inayomtafuta. Ukurasa wake ninao mimi kwa sasa, kwenye faili ya manjano, nambari ya kwanza.